FEDHA ZA HALMASHAURI: KWA NINI HAZILINGANI?



Katika somo lililopita tulijifunza kusoma stakabadhi. Leo tunasonga mbele kidogo. Tunauliza: ile fedha uliyolipa sokoni au kwenye kizuizi cha mazao, ukapewa stakabadhi, inakwenda wapi? Na kwa nini halmashauri moja ina fedha nyingi, na jirani yake hana kitu?

Swali hili hatukulitunga sisi. Tuliulizwa.

Swali la mama mmoja

Siku moja tulikuwa kwenye darasa la kisomo, chini ya mwembe. Tulipomaliza somo la hesabu, mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema:

"Mwalimu, mimi nina swali ambalo halimo kitabuni. Sisi huku tumesomba mchanga, tumefyatua matofali, tumejenga boma la zahanati mpaka kwenye linta. Mwaka wa nne huu, halijapauliwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto walianza nyuma yetu. Wao wamekwisha paua, na mganga wanaye. Mto ukijaa sisi hatuvuki. Masika iliyopita binti yangu alijifungulia ukingoni, akingoja maji yapungue. Mungu alisaidia, mama na mtoto wazima. Sasa Mwalimu, nchi si moja? Serikali si moja?"

Mzee mmoja akamjibu haraka: "Diwani wao hodari. Wa kwetu analala." Watu wakacheka. Mama yule hakucheka.

Na sisi hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulijua jambo moja tu: ule mto ni mpaka wa wilaya. Ng'ambo ni halmashauri nyingine. Tuliomba tupewe wiki moja. Tukasoma, tukauliza wanaojua, tukarudi. Somo hili ndilo jibu tulilorudi nalo.

Mifuko miwili ya halmashauri

Halmashauri ni serikali iliyo karibu na mwananchi. Katiba yetu inazitaja Serikali za Mitaa katika ibara ya 145 na 146. Tanzania Bara ina halmashauri 184: za wilaya, za miji, za manispaa na za majiji. Shule ya msingi, zahanati, kisima, soko na machinjio, kwa sehemu kubwa ni kazi ya halmashauri.

Kazi hizo zinataka fedha. Halmashauri ina mifuko miwili mikubwa.

Mfuko wa kwanza ni mapato ya ndani. Hizi ni fedha ambazo halmashauri inakusanya yenyewe hapo hapo ilipo. Kuna ushuru wa mazao, ushuru wa soko, ada za leseni, kodi ya vibanda na ushuru wa huduma. Ushuru wa huduma hulipwa na makampuni na wafanyabiashara kutokana na mauzo yao. Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa kisichozidi asilimia 0.3, yaani shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo.

Mfuko wa pili ni ruzuku. Hizi ni fedha zinazotoka Serikali Kuu kwenda halmashauri. Mishahara ya walimu na waganga inatoka humu. Kwa halmashauri nyingi za vijijini, mfuko huu wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza mara nyingi.

Kumbuka: mfuko wa kwanza unafuata mali ilipo. Mfuko wa pili unatakiwa kufuata watu walipo. Ukishika hilo, umeshika nusu ya somo.

Mfuko wa kwanza haulingani

Hebu tufanye hesabu. Tuchukue wilaya mbili za mfano. Moja tuiite Wilaya ya Korosho, nyingine Wilaya ya Mtama. Kila moja ina watu 200,000.

Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao. Kabla ya hapo halmashauri iliweza kutoza hadi asilimia 5. Ikawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tutumie viwango hivyo.

Wilaya ya Korosho imeuza korosho za shilingi bilioni 10. Asilimia 3 yake ni shilingi 300,000,000.

Wilaya ya Mtama imeuza mtama wa shilingi bilioni 1. Nafaka nyingine imeliwa nyumbani, na chakula cha nyumbani hakitozwi ushuru. Asilimia 2 ya bilioni 1 ni shilingi 20,000,000.

Sasa gawa kwa watu 200,000. Wilaya ya Korosho inapata shilingi 1,500 kwa kila mtu. Wilaya ya Mtama inapata shilingi 100 kwa kila mtu. Je, watu wa Mtama ni wavivu? La. Jembe wanalishika sawasawa na wenzao. Ila ardhi yao na mvua yao haitoi zao la kwenda mnadani.

Angalia jinsi tofauti hii inavyofika hadi kwenye vikundi vyetu. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbaya, ikarudishwa mwaka 2024. Kwa ushuru wa mazao peke yake, wanawake wa Wilaya ya Korosho watatengewa shilingi 12,000,000. Wanawake wa Wilaya ya Mtama watatengewa shilingi 800,000. Sheria ni moja, asilimia ni ile ile, lakini kilichoingia mkononi si kimoja.

Mifano hii tumeitunga, lakini hali yenyewe ipo. Majiji yana viwanda, maduka makubwa na bandari. Huko Geita kuna dhahabu. Kabla ya mwaka 2014 migodi mikubwa ilikuwa ikilipa halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, wauze dhahabu nyingi au kidogo. Tangu mwaka 2014 wakaanza kulipa asilimia 0.3 ya mauzo, na mapato ya halmashauri yenye mgodi yakaongezeka. Lakini wilaya jirani isiyo na mgodi haipati ushuru huo, hata kama malori ya mgodi yanapita katika barabara zake.

Tena mali yenyewe si ya kuitegemea daima. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walitoa bei ndogo, wakulima wakakataa, na Serikali ikaamua kununua yenyewe. Msimu ule halmashauri zilizoishi kwa ushuru wa korosho zilitikisika. Aliye juu msimu huu, msimu ujao anaweza kuwa chini.

Zamani ilikuwaje?

Vijana wengi hawajui kwamba kuna wakati halmashauri hazikuwepo. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa, na halmashauri zikapungukiwa fedha. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zikafutwa, kazi zake zikapelekwa mikoani na wilayani chini ya Serikali Kuu. Miji iliharibika, taka zikajaa, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya, ikiwemo Sheria Namba 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Halmashauri zilizorudi zilitaka fedha. Ndipo ikaja kodi ya maendeleo. Wazee mnaikumbuka! Kila mtu mzima alidaiwa, awe nacho au hana. Mgambo wakionekana njiani, wanaume walikimbilia porini. Tajiri na maskini walilipa karibu sawa. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo uliokuwa kero.

Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kila kodi inapofutwa, mfuko wa halmashauri unapungua. Kwa hiyo Serikali Kuu ilianza kutoa ruzuku ya fidia, yaani fedha za kuziba pengo la kodi zilizofutwa. Na iliagizwa kwamba asilimia 20 ya ruzuku hiyo ishuke mpaka kijijini. Hapo tutarudi baadaye.

Mfuko wa pili: ruzuku inagawanywaje?

Zamani ruzuku iligawanywa kwa mazoea na kwa majadiliano. Aliyepata nyingi mwaka jana alipata nyingi mwaka huu. Aliyekuwa na zahanati nyingi alipewa fedha za zahanati nyingi. Asiyekuwa nazo alikosa, kwa sababu hakuwa nazo!

Kuanzia mwaka wa fedha 2004/2005 ikaletwa kanuni ya kugawa. Chukua ruzuku ya afya. Kila shilingi 100 iligawanywa hivi: shilingi 70 kwa idadi ya watu, shilingi 10 kwa idadi ya watu maskini, shilingi 10 kwa urefu wa safari ya gari la kusambaza dawa, na shilingi 10 kwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano.

Turudi kwenye wilaya zetu mbili za mfano. Tuseme kuna shilingi 1,000,000,000 za kugawana.

Kwanza idadi ya watu. Ni sawa, basi zile shilingi 700,000,000 kila moja inachukua 350,000,000.

Pili umaskini. Korosho ina watu maskini 40,000, Mtama ina 60,000. Korosho inapata 40,000,000 na Mtama 60,000,000.

Tatu safari ya gari la dawa. Korosho ni kilometa 300, Mtama ni kilometa 700. Korosho inapata 30,000,000 na Mtama 70,000,000.

Nne vifo vya watoto. Katika kila vifo 100 vya wilaya zote mbili, 40 ni vya Korosho na 60 ni vya Mtama. Korosho inapata 40,000,000 na Mtama 60,000,000.

Jumlisha. Korosho: 460,000,000. Mtama: 540,000,000.

Umeona? Hapa Wilaya ya Mtama ndiyo imepata zaidi. Si kwa upendeleo. Ni kwa sababu mgonjwa wake yuko mbali zaidi na mtoto wake yuko hatarini zaidi. Kaka mwenye shamba la mabondeni hamnyang'anyi mwenzake wa mlimani. Lakini baba mwenye busara, akigawa akiba ya ghala, humwangalia kwanza yule ambaye mvua ilimpita.

Mahali panapovuja

Basi, kama kanuni ni nzuri hivyo, mbona boma la mama yule halijapauliwa? Tulikuta sababu tatu.

Ya kwanza ni mishahara. Sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mshahara humfuata mfanyakazi. Kama Korosho ina wauguzi 100 na Mtama ina 40, fedha za mishahara zitakwenda zaidi Korosho, hata kanuni iseme vingine. Na wafanyakazi wengi hupenda kukaa mjini, penye umeme, maji na nyumba. Kwa hiyo karatasi inasema Mtama ipate zaidi, lakini mkononi inapata pungufu.

Ya pili ni hesabu mbaya. Ruzuku ya maendeleo ilipoanza mwaka 2004/2005, halmashauri zilipimwa kwanza. Iliyokuwa na vitabu vichafu vya hesabu ilinyimwa fedha za kujengea. Halmashauri maskini, isiyo na wahasibu wa kutosha, ilikuwa rahisi kuanguka katika kipimo hicho. Mkubwa amekosea kuandika, aliyekosa zahanati ni mama kijijini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya tatu ni fedha kutofika chini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara nyingi kwamba zipo halmashauri ambazo hazikurudisha vijijini ile asilimia 20. Sasa hapo si suala la mvua wala korosho. Hapo ni suala la watu kutouliza.

Kwa hiyo yule mzee aliyesema "diwani wao hodari" hakukosea kabisa. Diwani anayefuatilia anasaidia, na anayelala anatuumiza. Lakini hata diwani hodari hawezi kukusanya ushuru wa korosho mahali pasipo na mkorosho.

Sisi wanakijiji tufanye nini?

Kwanza, tulipe na tudai stakabadhi ya mashine. Ushuru usio na stakabadhi hauingii mfuko wa kwanza. Unaingia mfuko wa mtu.

Pili, tuhesabiwe. Katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120 nchi nzima. Ruzuku inayofuata idadi ya watu haimwoni mtu aliyejificha. Kadhalika tuandikishe vizazi na vifo. Mtoto aliyekufa bila kuandikwa, hata kifo chake hakitusaidii kuomba dawa kwa ajili ya wadogo zake.

Tatu, tutayarishe nyumba ya mtumishi. Muuguzi akipata pa kulala ataweza kukaa, na mshahara wake utahesabiwa katika wilaya yetu. Lakini tusidanganyane. Kupanga watumishi ni wajibu wa Serikali, na tuna haki ya kuudai.

Nne, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mkutano unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Tusiende kulalamika tu. Twende na maswali yaliyoandikwa.

Na ndivyo alivyofanya mama yule. Tulipomaliza somo, alitoa daftari lake la kisomo. Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, pole pole, maswali matatu:

1. ASILIMIA 20 YA KIJIJI CHETU IMEFIKA? NI SHILINGI NGAPI?
2. BOMA LETU LIMO KATIKA MPANGO WA HALMASHAURI WA MWAKA HUU?
3. KAMA HALIMO, NANI ALILITOA?

Siku ya mkutano alisimama akayasoma. Wale waliocheka chini ya mwembe siku hiyo walinyamaza. Mtendaji alijibu la kwanza: zimefika, lakini si zote. Akajibu la pili: halimo. La tatu aliomba apewe muda hadi mkutano ujao. Mama akasema, "Sawa, Mtendaji. Nimeandika tarehe."

Boma bado halijapauliwa, ndugu msomaji. Hatutaki kukudanganya. Lakini sasa kijiji kinajua paa limekwama kwa nani, na tarehe imo katika daftari.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mapato ya ndani: fedha ambazo halmashauri inakusanya yenyewe.
Ruzuku: fedha ambazo Serikali Kuu inaipa halmashauri.
Fidia: malipo ya kuziba pengo la kitu kilichoondolewa.
Asilimia: sehemu katika mia. Asilimia 20 ni shilingi 20 katika kila shilingi 100.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja vyanzo vitatu vya mapato ya ndani vya halmashauri yako.
2. Wilaya imeuza mahindi ya shilingi 500,000,000. Ushuru ni asilimia 2. Halmashauri itapata shilingi ngapi?
3. Je, ni haki wilaya yenye mali kidogo kupewa ruzuku zaidi? Toeni sababu za ndiyo na za hapana.
4. Kijiji chenu kilifanya mkutano mkuu lini mara ya mwisho? Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa?
5. Andika swali moja utakaloliuliza katika mkutano ujao. Liandike kwa mkono wako mwenyewe.